Mkono wa Kushoto wa Namba Sita

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mimi napiga pasi nyuma yake, chumba kimoja, mwaka wa kumi na moja sasa tunapeana migongo. Marehemu mumewe alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na mimi ndiye niliyewakutanisha. Kwa hiyo nikimsema, nina haki.

Kaka aliingia hifadhini kukata fito za banda la mbuzi, hatua chache tu kupita mpaka, palepale alipokuwa akikata baba yetu. Nyati akamwahi. Askari wa hifadhi walimtoa siku ya tatu, kisha ofisi yao ikaleta karatasi: marehemu aliingia bila kibali. Basi. Hata pole haikuwemo, nimeisoma mbele na nyuma. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Wifi aliikunja ile karatasi, akaenda kumalizia suruali ya mtu. Miaka saba hii hajatamka neno msitu, anasema "kule". Aliapa jambo moja tu, mbele ya binti yake wa pekee, wala hakupandisha sauti: "Wengine waende. Wewe kule hukanyagi."

Mtaani kwetu kila mtu na lake. Mwenye duka anasema bila msitu mabomba yangekauka, na ni kweli, maji yanatoka huko. Jirani wa nyuma anasema tembo akila shamba lako ni bahati mbaya, wewe ukila swala ni jela. Mimi nasema yote mawili, inategemea nimeamkaje. Wifi hasemi kitu. Hata walipomletea kazi ya kushona sare za askari walewale, alipokea tu. Nilimsema kutwa nzima.

"Unawavisha watu waliomwita mumeo mvamizi?"

"Kaki haijaua mtu, wifi. Nipitishie uzi."

Nilinuna wiki. Sare nikazipiga pasi hivyohivyo, maana tumbo halijui kununa.

Mwaka huu wakaajiri askari wapya kumi na wawili. Orodha ikaja kama kawaida yao, bila majina, namba na vipimo tu. Binti alikuwa mji wa pili, kazi ya mapokezi hotelini, ndivyo alivyotuambia.

Nilikuwa nanyunyizia kola maji niliposikia cherehani imenyamaza. Wifi alikuwa ameweka kidole kwenye namba sita. Nikachungulia. Mabega kumi na tano, kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na nane. Mkono wa kulia inchi ishirini na mbili, wa kushoto ishirini na moja.

Binti alianguka kwenye ngazi akiwa darasa la tatu, mkono wa kushoto ukaungwa vibaya, kiwiko hakinyooki. Tangu hapo mama yake humshonea mkono mmoja mfupi, na kiwikoni humwachia nafasi kidogo asibanwe. Shuleni hakuna aliyewahi kugundua.

"Wenye mkono mfupi wako wengi," nikasema. Hata mimi sikujiamini.

"Na mabega haya? Huyu nampima tangu hana jino."

"Basi mpigie simu arudi leo. Na hiyo sare usiishone."

"Atashonewa na fundi mwingine," akasema. "Itambana kiwiko."

Akaishona kwa zamu yake, baada ya namba tano na kabla ya namba saba. Nilikuwa namvizia usoni, nikitamani alie, atukane, avunje hata sindano. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule mtoto mwongo. Yeye akaongeza ile nafasi ya kiwikoni, ambayo haikuandikwa popote, akakata uzi kwa meno.

Sare zikaenda Jumatatu. Alhamisi simu ikaita, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akaweka spika.

"Mama. Mama, hii umeshona wewe?"

"Kiwiko kinabana?"

"Hakibani." Nikamsikia anavuta pua. "Nilijua utanikatalia. Lakini siku tatu, mama. Baba alilala kule siku tatu. Nilitaka na mimi niwe wa kutafuta."

Wifi akalinyoosha pindo la gauni la mteja kwa kiganja, mara moja, mara ya pili.

"Huko msituni," akasema, "mnaingia wangapi?"

"Wawili wawili."

"Haya. Baba yako alikuwa peke yake."

Akakata simu, akarudisha mguu kwenye pedali.

"Wifi," akaniambia bila kugeuka, "kuna kitu kinaungua."

Lilikuwa shati la mwenye duka, mgongoni, na pasi ilikuwa mkononi mwangu.