Khadija Alivyonifukuza Misri

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpigia Mungu kengele.

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu nyinyi wa Kidato cha Kwanza mnaosoma jarida hili la shule mmesikia habari hiyo ikiwa imeshatiwa chumvi. Niliingia Chama cha Midahalo nikiwa na cheo cha Mtunza Muda. Kazi ya Mtunza Muda ni kukaa mbele na kengele ya mkono na saa ya kuazima, kisha kumkatiza msemaji yeyote anayepitisha muda wake. Hakuna aliyeniambia kwamba sala ya ufunguzi haihesabiwi. Mchungaji mgeni alikiombea chama, akaiombea shule, akaiombea serikali, akafika kwa wagonjwa, na alipokuwa anawageukia wasafiri nikaona muda wake umekwisha. Nikapiga. Ukumbi mzima ukasema "Amina!" kwa nguvu ambayo sijaisikia tena hadi leo.

Mlezi wa Chama, ambaye ndiye mwalimu wetu wa Historia, aliniita nje. Ni mtu mwembamba anayevaa tai hata Jumamosi, na hapandishi sauti kamwe.

"Muhanji."

"Naam, Mwalimu."

"Ungekuwa na hiyo kengele Musa akiwa mlimani, leo tungekuwa na amri ngapi?"

"Labda nne, Mwalimu."

"Lete hapa."

Nikahamishwa siku hiyo hiyo. Kituo changu cha pili kilikuwa kona ya nyuma ya maktaba, pale dirisha lisilofungika, nikiwa Mtafiti. Mtafiti, kwa wasiojua, ni mtu anayesoma ili mwingine aonekane ana akili. Unafungua vitabu, unapiga chafya, unanakili hoja, unampelekea msemaji, msemaji anashangiliwa, wewe unarudi kupiga chafya.

Wakati huo siasa ya vyama vingi ilikuwa imerudi juzi tu na kila mtu Kakamega alijiona mbunge. Mwalimu Mkuu akaogopa. Akaagiza tujadili watu waliokufa zamani sana, watu ambao hawawezi kuwa na chama. Ndiyo sababu mwaka ule wote tulijadili swali moja: ustaarabu wa kale na dini za kale zilianzia wapi?

Wasomi wamegombana juu ya swali hili kuliko majirani wanavyogombania mpaka wa shamba. Kuna kambi ya chimbuko moja. Hawa wanasema kila kitu kikubwa, yaani wafalme, mahekalu, kalenda, miungu, kilibuniwa mahali pamoja, halafu kikasambaa duniani kama mafua. Kusambaa huko wanakuita mtawanyiko. Wengi wao hulitaja bonde la Mto Nili, yaani Misri. Wengine hutaja Sumeri, kule kati ya mito miwili ya Asia, ambako watu waliandika kwa kukandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, na alama zake zinaitwa maandishi ya kabari. Halafu kuna kambi ya pili, inayosema hakuna aliyemfundisha mwenzake. Binadamu ni binadamu, mpe mto, mavuno na msiba, atabuni mengine mwenyewe.

Jambo moja lilinifurahisha kuliko yote. Wasomi kadhaa wa Ulaya wa zamani walipoyaona mapiramidi walikataa kabisa kwamba Waafrika ndio walioyajenga. Wakatafuta mtu wa kumpa sifa hiyo. Wakasema lazima walikuja wageni kutoka Asia wakawafundisha. Nilimwuliza Mlezi wa Chama kwa nini watu wazima, wenye miwani, wafikiri hivyo.

"Wivu," akasema. "Mtu akifanya jambo usiloweza, swali la kwanza linalokujia ni nani alimfundisha."

Nilicheka sana. Hiyo ilikuwa kabla Khadija hajaja.

Khadija alihamia kwetu kutoka Mumias tukiwa Kidato cha Tatu. Mimi wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa Katibu, nikiwa na ufunguo wa kabati na mhuri. Mkubwa wangu alikuwa Mwenyekiti, kijana wa Kidato cha Nne kutoka Navakholo, mwenye shingo nene na neno moja tu la uongozi, nalo ni "Nyamaza." Nilikuwa nasubiri kitu kimoja. Msemaji Mkuu, yule anayefungua hoja kwa niaba ya shule tunapokwenda kushindana nje, alikuwa anamaliza masomo, na kiti chake kilikuwa changu. Nilikuwa nimeshamwambia Mama. Mama alikuwa ameshawaambia akina mama wa kanisa. Kwa hiyo hoja ilikuwa imeshapita.

Basi Khadija akaketi nyuma, Ijumaa yake ya kwanza, akainua mkono.

"Samahani, Katibu. Ukisema Misri ni ya kwanza kwa sababu ina piramidi kubwa, si hiyo ni sawa na kusema nyumba kubwa ndiyo iliyojengwa kwanza?"

Ukumbi ukavuma. Mlezi wa Chama akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa ajili ya hoja yangu, hata ile ya kalenda niliyojivunia sana.

"Endelea, Khadija," akasema.

Miezi yote ile aliniita "Muhanji" kama anasoma orodha ya wanaodaiwa ada. Huyu siku ya kwanza anaambiwa endelea! Wiki iliyofuata akampa kitabu chake mwenyewe aende nacho nyumbani, kitabu ambacho mimi nilikuwa nakisomea mezani kwake tu huku nikitazamwa mikono.

Nikaanza uchunguzi. Nani alimfundisha? Nilimwuliza rafiki yake kama babake ni mwalimu wa chuo. Anauza viatu. Kaka yake? Hana kaka. Labda Mumias wana maktaba ya siri? Nikamwendea mwenyewe.

"Khadija, wewe hizi hoja unatolea wapi?"

"Nafikiria," akasema.

"Hapana, kweli."

Alinitazama kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya meza. Nikaondoka. Nilipofika kabatini nikakumbuka wale wasomi wa Ulaya na wageni wao wa Asia, nikajiona nimevaa miwani.

Mlezi wa Chama akatangaza kwamba kiti cha Msemaji Mkuu kitaamuliwa Siku ya Wazazi, Katibu dhidi ya Khadija, na wazazi wenyewe watapiga kura kwa mikono. Hoja ilikuwa kwamba dini na ustaarabu wetu chimbuko lake ni Misri. Chama chetu kina desturi yake: mwenye cheo ndiye huchagua upande. Sikufikiria hata kidogo.

"Misri," nikasema.

Nyinyi mnaotoka huku mnajua kwa nini. Uliza mzee yeyote wa Kiluhya, Kabras, Isukha, Wanga, popote, tulitoka wapi. Atakwambia Misri kabla hujamaliza kuuliza. Mtu anayesimama mbele ya wazazi wa Kakamega kuikana Misri ni kama amekana babu za watu huku wajukuu wakitazama. Nilimwonea Khadija huruma, huruma ile tamu ya mtu aliyeshiba. Kisha nikapanga viti. Wazee wakali niliwaweka mbele kabisa, na Mama na akina mama wa kanisa, vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja, nikawaweka karibu nao.

Siku ilipofika, vijana wa Kidato cha Pili walinisindikiza ukumbini kwa ngoma za isukuti kama fahali anayepelekwa uwanjani kupigana. Mama alipiga vigelegele. Nilikuwa nimechora ramani kubwa yenye mishale myekundu inayotoka Misri kwenda kila upande wa dunia, na mmoja mnene kuliko yote ulishuka hadi Kakamega, ukapita Uganda bila kusimama.

"Wazee wangu," nikasema, "kuna watu watakaowaambia kwamba babu zenu walikosea njia!"

"Hapana!" wazee wakajibu.

Nilitaja wafalme, nikataja tohara, nikataja jua. Kila nilipogusa mshale, ngoma ililia. Nilipoketi, mzee mmoja alinyoosha mkono kutoka mstari wa mbele akanipa peremende.

Khadija akasimama bila karatasi.

"Mimi siwezi kubishana na wazee wangu," akaanza. "Wakisema tulitoka Misri, tulitoka. Watu wametembea tangu zamani. Lakini mtu akihama, si kila kitu alicho nacho amekitoa huko. Nataka kuwauliza akina mama. Mtoto mchanga akilia usiku na mchana, akatae titi, akatae kubembelezwa, mnafanyanga nini?"

Sisi kwenye midahalo huwa hatuulizi wageni maswali. Mwenyekiti alifungua mdomo kusema neno lake, lakini bibi mmoja alimtangulia.

"Tunamwitia majina."

"Majina ya nani, Kukhu?"

"Ya watu wetu wenye walienda. Moja moja."

"Na akinyamaza?"

"Kwa jina la yule amenyamazia, ndilo jina lake."

"Asante, Kukhu." Khadija akaigeukia ramani yangu, akaweka kidole kwenye ule mshale mnene. "Msomi akikuta jambo hili hapa, halafu akute Misri nako watu waliwaita wafu wao kwa majina, atachora mshale. Atasema wale waliwafundisha hawa. Mimi nauliza, mama aliyefiwa anahitaji kufundishwa kumwita mtu wake? Kila mahali watu wamekufa. Kila mahali waliobaki wametaka wasikie jina lile likiitikiwa tena. Mimi naamini dini zilianzia hapo, na hapo ni katika kila nyumba. Mkichora mishale, itabidi mchore kutoka kila mlango."

Akaketi. Hata muda hakuumaliza.

Kukhu wangu, mamake Mama, alikuwa ametuacha muhula uliotangulia. Yeye ndiye aliyeniitia majina nilipozaliwa, hadi nikanyamaza kwa Muhanji, na Muhanji alikuwa kaka yake. Khadija hakulijua hilo. Nilimtazama Mama. Alikuwa amefunika uso kwa kile kitambaa cha kanisa, mabega yanatikisika, na jirani yake amemshika mkono.

Nilikuwa na haki ya kujibu, tunaita pingamizi, na nilikuwa nimeandaa mzaha mzuri kuhusu wauza viatu. Nikasimama.

"Sina pingamizi, Bwana Mwenyekiti."

Msidhani ulikuwa ungwana. Ulikuwa wivu. Kiti angechukua, sawa. Kitabu alishachukua. Lakini mamangu nimeishi naye miaka yote hii, nimemchekesha, nimemkasirisha, nimemfanya anifukuze na mwiko, na siku ya mazishi ya Kukhu hakulia mbele yetu. Sasa mtu wa Mumias, ambaye hajala hata ugali kwetu, anamliza kwa dakika tatu, na kilio chenyewe ni kile cha mtu anayepumua baada ya kubanwa. Mimi ndiye mtoto wake. Kwa nini sikuyafikiria mimi?

Mwenyekiti akaomba mikono. Upande wangu iliinuka ya wapiga ngoma, na hata hapo mmoja alikuwa anajikuna. Mzee wa peremende alinikwepa macho. Upande wa Khadija uliinuka ukumbi, na Mama akiwa wa kwanza.

Nilitumikia chama mwaka mmoja zaidi, nikiwa Katibu na Mtafiti tena kwa pamoja, dirisha lile lile, nikimnakilia Khadija hoja. Muhula huu nimekabidhi ufunguo na mhuri, kwa kuwa watahiniwa hawaruhusiwi vyama. Mnaniuliza kama wivu umekwisha. Haujaisha. Akishangiliwa bado nahesabu makofi. Lakini nimejifunza kwamba mtafiti mwenye wivu husoma sana, kwa sababu anatafuta mahali mwenzake alipokosea, na asipopapata anakuwa ameshajifunza. Swali la Misri nalo halijajibiwa. Wasomi wanaendelea, nyinyi endeleeni nalo. Kuhusu kustaafu kwangu, karatasi zinasema ni muhula huu. Ukweli ni kwamba nilistaafu Jumapili iliyofuata mdahalo, nyumbani kwetu Shieywe, mchana.

Mama alikuwa amemwalika Khadija chakula. Asubuhi alinikabidhi jogoo, mzima.

"Peleka kwa Mzee Swaleh amchinje."

"Mama, si kisu kiko?"

"Msichana ni Mwislamu. Unataka akuje kutuangalia tukikula?"

Nikavuka mtaa wote na jogoo kwapani, majirani wakiniuliza naenda kuposa wapi.

Tulipokaa mezani, obusuma, ugali wetu, unafuka mvuke, ingokho, yaani yule jogoo, imeiva, nilikuwa nimeanza kujisikia vizuri. Kwetu firigisi ya kuku huliwa na mwanamume mkubwa wa nyumba, na mwanamke haigusi. Baba hufanya kazi kwenye miwa huko Kabras, kwa hiyo Jumapili asipokuwepo huwa yangu. Nikaona mwiko wa Mama umeibeba. Nikasogeza sahani. Mwiko ukapita juu ya sahani yangu kama ndege, ukatua kwa Khadija.

Khadija akaondoa mikono mezani. "Mama, hii hata kwetu ni ya wanaume."

"Unasikia?" nikasema. "Hata yeye anajua. Ni mila, Mama. Ya zamani sana."

"Imetoka wapi?"

Mimi, mtaalamu, sikusita. "Misri."

Mama akaisukuma sahani karibu na Khadija, akafuta mikono.

"Basi wenyewe wakuje waichukue. Kula, mama, isipoe."