Siku Niliyoambiwa Kundi la Pili

Baba hakuhesabu mbuzi kwa kidole, kwetu ni mkosi. Alisimama tu mlangoni pa boma kule Terrat akawatazama wakitoka asubuhi na wakirudi jioni, na waliorudi wasipolingana na waliotoka, hali chakula mtu. Jioni moja nilikula fimbo kwa ajili ya mwanambuzi aliyepotea, kumbe yuko chini ya kitanda cha mama anaota joto (mama mwenyewe ndiye aliyemweka!). Hakuna aliyeniomba radhi, na mpaka leo nikikumbuka nafura.

Sasa, miaka ile ya viwanda kuuzwa, kiwanda chetu cha unga pale Sakina kikapata tajiri mpya, naye akaleta rilei. Injinia Saidi, kijana wa Tanga, shikamoo haimkauki mdomoni, akanieleza: kidude hiki kinatazama umeme unaoingia kwenye transfoma na unaotoka, visipolingana kinakata wote. Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu." Akacheka. Akasema kimepangwa kwa makundi mawili: kundi la kwanza kali, la mashine ndogo, kundi la pili lina subira, maana kinu kikubwa kikianza kuzunguka kinavuta umeme kwa kishindo mpaka vipimo vinadanganyika. Kubadilisha ni vitufe viwili tu. Mimi wa darasa la tatu nikaviweza, kichwa kikavimba.

Lakini (hapa mnisikilize) wiki hiyohiyo ofisini walikuwa wanatugawa na sisi. Kundi la kwanza wanabaki, kundi la pili nyumbani. Majina hayajabandikwa. Miaka ishirini na mbili chumba kile cha umeme, watoto wawili wako shule, usingizi sina.

Siku ya uzinduzi wa kiwanda nimesimama mlangoni pa chumba changu, mgeni rasmi kaketi, kwaya imemaliza, Saidi akaja mbio akapaza sauti mbele ya watu wote: "Mzee Lazaro! Kundi la pili! Haraka!"

Ningeuliza neno moja tu, "la nini?" Sikuuliza. Nilikwenda moja kwa moja nikanyakua kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi, nikasema haraka ya nini, ng'ombe wa mnadani huagwa vizuri kuliko mimi, na ovaroli lenu hili hapa! Nikalivua. Ndani nilivaa kaptula aliyonishonea mke wangu kwa mfuko wa unga wa kiwanda.

Mama Neema wa kufunga mifuko akapiga kelele, "Lazaro, usigeuke!"

Nikageuka. Makalioni imeandikwa SEMBE DARAJA LA KWANZA. Uwanja ukalipuka kwa kicheko, na hapohapo wakawasha kinu. Rilei ikakata. Kipaza sauti, feni, mashine, kila kitu kimya, nikabaki mimi napayuka peke yangu.

Saidi akanishika mkono. "Mzee, rilei! Nilimaanisha rilei! Wewe uko kundi la kwanza, orodha nimeiona kwa macho yangu."

"Na hilo neno rilei lilikukaba koo?"

Tajiri, anajifuta machozi ya kicheko: "Mzee, hebu rudi ubonyeze, tuendelee."

Radhi, hakuna. Kwa mara ya pili maishani napigwa kwa mbuzi ambaye hakupotea. Sikatai, mdomo wangu ulitangulia masikio, na tangu hapo mtu akinipazia sauti namuuliza kwanza. Lakini siku ile chumba cha umeme kilikuwa hatua kumi, geti hatua arobaini. Suruali yangu ilikuwa chumbani, imetundikwa kwenye msumari.

Nikaelekea getini. Suruali ile sijairudia.