Mgongo wa Mkono

Ilikuwa mwaka wa 2021. La, tuseme 2022, maana njia ya kupanda kilimani ilikuwa imeshachongwa. Mlinzi wa kile kilima cha Thika, kilichorundikwa kwa mabaki yaliyomwagwa yakiwa yameyeyuka kutoka tanuri la chuma alilofanyia kazi ujanani, hakumruhusu mgeni aketi kabla yeye hajainama. Alivua kofia, akagusa ardhi kwa mgongo wa mkono, akangoja kidogo, ndipo akasema, "Haya, kaeni." Nyasi zilishakifunika kilima na ndege wakawa wanataga humo, lakini yeye alipima tu, kila mara.

Siku hiyo Mehak, msichana aliyetoka mtaa wa Ngoingwa kutazama ndege, alimcheka. "Mzee, unakipima homa? Tanuri lilifungwa kabla sijazaliwa. Kilima kilishapoa." Mlinzi hakuondoa mkono. "Hata Kyalo, mwenzangu wa zamu pale tanurini, aliambiwa kimepoa. Akakanyaga, ukoko wa juu ukavunjika, akazama kwenye moto mpaka kiunoni." Mehak alibaki amesimama na darubini yake. Mlinzi akausogeza mkono, akagusa tena, kisha akauliza kama alivyowauliza wakubwa wa kiwanda, bila kujibiwa, mpaka wakakifunga: "Sasa, aliyemwambia Kyalo kimepoa alikuwa nani?"