Mafuta ya Mwisho Chunguni

Jana nilipita mtaa wa Kanyenye, kuna duka wanakamua mafuta ya karanga, harufu ile ikanisimamisha.

Mwaka ule mvua iligoma, mtama ukakaukia shambani. Baba alikuwa ameondoka kwenda kukata mkonge, atafute kodi ya kichwa. Tukasikia serikali inagawa mahindi ya njano stesheni ya Igalula. Mama akakwangua chungu, akatupaka mafuta yake ya karanga ya mwisho, mimi na mdogo wangu.

“Hatuendi mbele za watu tumepauka,” alisema.

Pale stesheni karani wa mgao alitutazama tunavyong’aa.

“Mama, hawa wameshiba. Waachie wenye njaa.”

 Mama alipiga goti, akamuaga, tukageuka na kikapu kitupu. Njiani bibi jirani yetu akatumiminia nusu ya mahindi aliyopewa.

“Kesho kutwa wanagawa tena,” akamwambia Mama. “Usiwapake, mwanangu. Waache wapauke, waonekane.”

“Nimesikia, mama.”

Siku ya mgao tukarudi tumepauka kama majivu. Karani alitutazama, akatujazia kikapu. Tulipotoka tu stesheni, Mama alikitua chini, akatemea mate kiganjani, akatupaka nyuso, taratibu, mpaka tukang’aa.