Fungu Nililolipindua

Kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ile ya hamsini nilipokuwa msichana, kuchagua lilikuwa kosa. Mtoto aliyeacha kichwa cha samaki sahanini, anachagua. Mnunuzi aliyegeuzageuza samaki ufukoni, anachagua. Na msichana aliyekwisha kukataa wachumba wawili, kama mimi, huyo ndiye aliyepita kiasi.

"Weye unachagula sana," shangazi yangu alinifokea. Aliwahi kuolewa ng'ambo, Kongo, akarudi na Kiswahili cha huko. "Karani ya boma iko na kinga, iko na viatu. Unataka nini tena? Jumapili, siku ya Mungu, utanipa jibu."

Karani yule, mchumba wa tatu, sikumtaka hata kidogo. Alizungumza nami huku akijitazama kwenye kengele ya baiskeli yake, hiyo kinga ya shangazi. Lakini kukataa mara ya tatu bila kumtaja mwingine kungeiaibisha nyumba nzima.

Jumamosi nikateremka kununua samaki. Kila mvuvi alipanga fungu lake vilevile, wakubwa juu, wadogo chini, na ukigusa tu unasikia: "Mama, hapa hatuchagulake, beba yote!" Ila kijana mmoja wa kisiwa cha Chisenga aliweka wadogo juu, na hakuna aliyesimama kwake. Nikalipindua fungu lake. Chini walilala samaki wanene, wabichi kabisa. Hakunifokea; alicheka, akaniuliza ninakaa wapi. Nilirudi nyumbani nikiimba.

"Ninayemtaka ni mvuvi wa Chisenga," nilimwambia shangazi Jumapili. "Yule haweki uongo juu."

Shangazi akasonya, kisha akaenda kuulizia habari zake. Baada ya mavuno tukaoana.

Mwaka wa pili wa ndoa ndipo nilipomuuliza mume wangu nani alimfunza uaminifu ule. Akanikodolea macho, akanionyesha kikapu chake cha samaki.

"Uaminifu gani? Nilimwanga kitunga tu. Wadogo wanaangukaka chini ya kitunga. Ukimwanga, wanakuwa juu. Nilichoka kupanga."

Kumbe ni uvivu! Nilikasirika kwelikweli, nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta ufukoni amemwaga kikapu vilevile, wadogo juu, amekaa kando anapiga mluzi, na wanunuzi wanampita. Nikacheka peke yangu. Nikaenda, nikalipindua fungu mbele ya watu wote. Wanene walikuwa chini, kama siku ile.