Mkono Kwenye Jaketi ya Ngozi

Mpaka leo sijui kama ule mtihani niliupita mimi au aliupita mama yangu.

Nilikuwa namalizia koleji ya mitindo ya mavazi huko Nairobi, miaka ya elfu mbili hivi, na tuliishi Noonkopir, kule Kitengela, mimi na yeye. Kazi ya mwisho ilikuwa nguo moja tu, na mwalimu alitaka itokane na kazi ya msanii aliye hai. Ukianguka, unarudia mwaka mzima. Kwetu hakukuwa na mwaka mwingine. Ningeanguka, ningeenda Makueni kwa nyanya kupanda mbaazi, basi.

Nje kidogo ya Kitengela kulikuwa na msanii aliyechomelea mwanamke mrefu wa vyuma kuukuu, springi za lori na vifuniko vya mapipa, kifua kimebonyea ndani kama aliyepigwa teke na punda. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma. Haki, sikumwelewa. Alikuwa anaumwa? Alikuwa na njaa? Nilijua tu kwamba nataka kushona hicho kifua.

Ngozi nilinunua Kajiado kwa mzee anayeilainisha kwa maji ya magome ya miti, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Alinionya, "Usiguse na mafuta. Hii ngozi inakunywa mafuta na haisahau." Niliilowesha, nikaikandamiza ndani ya sufuria ya ugali mpaka ikashika ule mbonyeo, halafu nikashona mabega.

Mama akauliza, "Hii kitu ni ya nini?"

"Ni jaketi, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Nimeitoa kwa sanamu."

Hapo ndipo nilipokosea. Koleji tulilitaja neno hilo tukitafuna mandazi. Kwa mama, mtu wa kanisa Jumapili mpaka Jumamosi, sanamu ni ile iliyokatazwa kwenye amri kumi, ile watu wanapigia magoti.

"Sanamu?" akasema. "Kwa nyumba yangu?"

"Si ya kuabudu. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia tu, na unataka kuivaa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi nilienda mjini kutafuta zipu. Kurudi saa kumi nikakutana mlangoni na akina mama watatu wa maombi, Biblia kwapani, wakanisalimia kwa upole wa matanga. Ndani, jaketi ilikuwa imelala mezani. Pale kifuani palipobonyea palikuwa na kiganja kizima, vidole vitano, cheusi kama kahawa.

"Mwaitu, umefanya nini?"

"Tumeombea."

"Mmeweka mafuta!"

"Sasa nani anaombea bila mafuta?"

Woi! Nilinyunyiza unga wa ngano, nikasugua na sabuni, nikapaka chaki. Mkono ulizidi kukolea. Nilimwambia mama ameniharibia maisha, nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika hapa. Alichukua kisu akaenda nyuma ya nyumba kukata sukuma wiki.

Ijumaa mama alikuja koleji, wazazi walikuwa wamealikwa. Alikaa nyuma kabisa na kitambaa chake cha kanisa. Mwalimu aliizunguka jaketi mara mbili, mikono nyuma.

"Na huu mkono?"

Ningesema ni bahati mbaya. Ningesema ni mama. Nilimwona kule nyuma ameinua kidevu.

"Ni wangu," nikasema. "Nilitaka mtu aguse pale palipobonyea."

Mwalimu akawaambia wenzangu waje karibu. "Toeni huu mkono, mtabaki na ngozi iliyokunjwa tu. Kazi yenyewe ni huu mkono." Wakapiga makofi. Mama naye akapiga. Nilikuwa nimepita, na nilitaka kulia, na sikujua ni kwa sababu gani.

Jioni tulishuka Kitengela tukatembea pole pole, vumbi machoni, jaketi ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamuuliza, "Mlikuwa mnafukuza pepo la sanamu?"

"Hao wenzangu ndio walikuwa wanafukuza. Mimi hiyo kitu yako hata saa hii sielewi."

"Sasa ulishika ya nini?"

"Niliona ni nguo ya saizi yako, na kifua imeingia ndani. Nikajiuliza, kwani huyu mtoto anaumwa na hajaniambia? Nikaweka mkono hapo."

Tulifika langoni, akatafuta funguo, akafungua.

"Lakini wewe uliwaambia huo mkono ni wako," akasema, akaingia kuwasha jiko.