Kimrija Ambacho Mama Hakutaka Kitolewe

Maumivu yangu yalikuwa na adabu za mgeni: hayakuja kabla chakula hakijaiva. Nikimeza tonge la tatu la ugali, mtu anaingia chini ya kifua, anapenya hadi mgongoni, anakaa. Nyumbani kwetu Misima walizoea kuacha kutafuna ili wanitazame. Yale macho niliyachukia kuliko maumivu yenyewe. "Kuleni basi, sijafa!" nilikuwa nafoka, huku nimejikunja mkekani.

Korogwe walinipa rufaa ya Dar. Huko daktari akasema kongosho lina vijiwe, vimeziba njia ya maji yake. Akaniuliza nakunywa pombe kiasi gani. Mimi! Nisiyewahi kuonja hata pombe ya miwa! Akasema wapo wanaoumwa hivi bila kunywa. Wakanichoma sindano ya usingizi, wakapitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi kwenye utumbo, wakatoa vijiwe walivyovifikia, kisha wakaacha humo kimrija cha plastiki ili njia isizibe tena. Nikapewa karatasi: rudi baada ya miezi mitatu, kitolewe.

Nyumbani nikala ugali. Tonge la tatu, la nne, la tano. Hakuja mtu. Ungedhani nilifurahi, kumbe niliogopa. Nilikaa na sahani mapajani nikiusikiliza mwili wangu ulivyonyamaza, nikawa na hakika kwamba yuko nje, anaizunguka nyumba.

Mama naye alikuwa na hakika hiyo hiyo. Yeye ni Mshambaa wa Kwashemshi, mambo haya hayasemi, anayatenda. Kila mchana kabla hatujala alimega tonge, akaliweka juu ya jani la mgomba nyuma ya jiko. Tukimaliza kula, jani tupu. Kuku hao, nilijiambia. Siku moja nikawafungia kuku wote bandani makusudi. Jani likawa tupu vilevile, safi, kama limefutwa kwa kitambaa. Sikumwambia mtu, na tangu siku hiyo sikupita tena nyuma ya jiko.

Miezi mitatu ilipotimia nikaitafuta ile karatasi. Hola. "Itaonekana tu," mama akasema bila kunitazama. Nami niseme ukweli, sikuhangaika sana. Nilikuwa nakula, nanenepa, nani angetamani kurudi kumeza mpira?

Mwezi wa tano tangu niwekewe kimrija, mgeni akaingia bila kungoja chakula. Safari hii alikuja na homa, nikatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Ndipo mama akapasua mto wake kwa kisu cha jikoni, akatoa karatasi katikati ya sufi.

"Hirizi ikishafanya kazi haifunguliwi," akasema. "Ukiifungua, ulichokizuia kinarudi. Ningewaachaje wakufungue?"

Kumbe kwake kile kimrija kilikuwa hirizi, ila daktari ameifungia ndani. Nilimtukana mama yangu. Maneno yale siyaandiki hapa.

Dar walikitoa kimrija siku tuliyofika. Kilikuwa kimeziba kabisa, cheusi, na nyuma yake usaha. Wakaweka kingine. Nilipopata nguvu ya kukaa, daktari akaja kitandani, mama yupo pembeni kwenye kiti cha plastiki.

"Ungechelewa siku mbili tungekupoteza," akasema. "Nani alikuzuia kurudi?"

Hasira nilikuwa nayo tangu Misima. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja.

"Nilisahau, daktari."

Daktari akanigombeza vya kutosha, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mama hakunishukuru. Alinishika kifundo cha mkono, akanibana hadi nikaumia.

"Usinisitiri," akasema. "Ningekuzika kwa mikono yangu hii, halafu ningerudi nyumbani nikisema nilikulinda."